Jinsi ya Kuchoma CD ya Harusi Ikagoma Ukweni

Umefungua stesheneri Tarime mjini. Una kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, na ukutani umeandika kwa rangi ya mafuta: TUNAPIGA VIDEO, TUNACHOMA CD. Hongera sana, ndugu yangu. Sasa sogea karibu nikupe siri ambayo waliokutangulia hawatakupa bure: hela haiko kwenye CD inayosoma. CD inayosoma unaiuza mara moja, mteja anakwenda zake, na humwoni tena hadi aoe mke wa pili. CD inayogoma inamrudisha kuuliza, inamrudisha kulalamika, na mwisho inamrudisha kununua nyingine.

Ila kugoma kuna adabu zake. CD isigome dukani kwako. Igome Mugumu, sebuleni kwa wakwe, watu wameshakaa na soda zimeshafunguliwa. Kuangalia CD kunahitaji mashine mbili: iliyoandika na inayosoma. Maadamu ni mbili, kila moja inaweza kusingiziwa, na katika hizo mbili yako ni moja tu. Shika hilo. Yaliyobaki ni kufuata hatua.

Hatua ya 1: Uza kitu kisichopatikana kwingine

Achana na filamu. Filamu ina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA wa kuisimamia wapo, na mwaka 2013 TRA nao wakaja na stempu za kodi za kubandika kwenye filamu na muziki. Mtu akikukuta na kopi isiyo na stempu, utajieleza hadi jioni. Isitoshe, filamu ya Kanumba ikigoma mteja anavuka barabara na kuichukua banda la pili. Umepoteza.

Harusi haina stempu, haina duka la pili. Iko kwenye kompyuta yako peke yake. Mteja anaweza kukasirika, kupiga meza, kuapa kwamba hatakanyaga hapa tena; atakanyaga, maana mama yake akicheza yuko ndani ya mashine yako. Sendofu, kipaimara, mahafali, msiba wa mzee maarufu: vyote ni mali ya namna hiyo. Chukua malipo kabla hujaichoma. Baada ya kuichoma mtakuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Hatua ya 2: Nunua CD tupu kwa kuangalia bei peke yake

Hapa kwetu kila kitu cha duara kinachong'aa ni CD, iwe CD kweli au DVD. Usijaribu kuwasahihisha wateja. Utanufaika na mkanganyiko huo kwa miaka.

Wewe lakini ujue unachokiharibu. Diski ya kiwandani imegongwa mhuri: ina vishimo vidogo kwenye plastiki, na nyuma yake utando wa aluminiamu unaorudisha mwanga. Ya kwako haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kemikali, na leza ya kompyuta inaliunguza hapa na pale, ili deki ikija kusoma idhani imeona shimo. Kwa hiyo kila CD uliyoichoma inaishi kwa kuidanganya deki. Rangi ikiwa nzuri, deki inadanganyika vizuri. Rangi ikiwa hafifu, deki inashtuka na kuandika NO DISC, huku diski imo tumboni mwake. Nunua hiyo hafifu. Ni rahisi kuitambua: ni ile ambayo muuzaji mwenyewe hana hakika jina lake linasomwaje.

Kisha angalia alama. Kuna DVD yenye alama ya kutoa, iliyoletwa na Pioneer mwaka 1997, na kuna yenye alama ya kujumlisha, iliyofuata mwaka 2002 kutoka kundi la kampuni zikiwemo Philips na Sony. Deki za zamani zimezoea ile ya kwanza. Ya pili nyingine zinaitazama na kuitema. Wewe chukua ya kujumlisha. Watu wa huku wanapenda kuongezewa, hakuna atakayeuliza. Ipo sehemu kwenye programu za kuchomea ambapo unaweza kuiamuru DVD hiyo ijitambulishe kwa deki kama ya kiwandani, na deki nyingi zikakubali bila maswali. Sehemu hiyo usiiguse.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia zile za kufuta na kuandika upya. CD ya kiwandani inarudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga inaoupokea. Ya kufutwa inarudisha kati ya 15 na 25. Deki yenye lenzi ya umri wa kati haioni kitu. Tena mteja akiirudisha kwa hasira, unaifuta, unampa pole, na kesho unamuuzia mwenzake.

Hatua ya 3: Choma haraka, mteja akiangalia

Programu itakuuliza kasi. Ukichagua 4x, DVD iliyojaa itakula robo saa hivi. Ukichagua 16x, dakika kama 6 na kazi imekwisha. Katika kasi hiyo diski inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, na kompyuta inatoa mlio wa helikopta inayotaka kutua mgodini. Mteja atatabasamu. Atasema mashine yako ina nguvu. Kubali sifa hiyo, umeifanyia kazi.

Kinachotokea ndani ni kwamba leza haikupata muda wa kuunguza sawasawa. Alama zimekuwa na kingo za ukungu. Kwenye kompyuta yako hakuna atakayejua, maana kompyuta ikikosa kipande inarudi kukisoma tena na tena kimyakimya. Deki haina nafasi hiyo. Inatakiwa ionyeshe picha sasa hivi, watu wanasubiri. Ikikosa, inaganda.

Wakati diski inachomwa, usiikalie kimya kompyuta. Fungua muziki, chapa barua ya mtu, ingiza flashi tatu zenye virusi. Na UPS usinunue. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, usiitupe ile diski. Itie kwenye kava. Ina nusu ya harusi, na nusu ya harusi ni bora kuliko kukosa kabisa.

Hatua ya 4: Jaza hadi ukingoni, na wakwe uwaweke mwisho

Hii ndiyo hatua ya fundi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Diski inasomwa kuanzia katikati kwenda nje. Katikati ni salama: imetulia, haiguswi na vidole. Ukingoni ndiko kunakopinda, ndiko rangi ilikopakwa vibaya, ndiko dole gumba la kila mtu linakotua. DVD ya kawaida ina baiti bilioni 4.7, ambazo kompyuta yako inaziandika 4.38 kwa sababu ya hesabu zake yenyewe. Anayetaka isome anaacha nafasi pale ukingoni. Wewe jaza mpaka programu ilalamike.

Sasa panga watu. Mwanzoni weka saluni, gari lililopambwa, kamati ya harusi ikikagua suti zake. Hapo diski inasoma vizuri mno, na sebule nzima inasema kijana huyu kazi anaijua. Katikati weka kanisa. Mwisho kabisa, ukingoni, weka sehemu ambayo wakwe wanaisubiri: wanaitwa mbele, wanatajwa kwa majina, wanakabidhiwa keki yao, shangazi anaingia na vigelegele. Hapo ndipo leza inapofika kwenye ule ukingo. Picha inavunjika miraba, sauti inakata, inarudi, inakata. Shangazi anaganda mdomo wazi, mkono mmoja juu, jicho moja limefumba. Mtu anabonyeza rimoti. Shangazi haondoki. Wanazima deki ukutani, wanawasha, wanaanza upya kwenye saluni, wanasubiri saa nzima na nusu, na shangazi anaganda pale pale.

Hakuna mtu atakayesema diski ni mbovu. Diski mbovu ingegoma toka mwanzo, si ndiyo? Watasema deki imepata joto.

Kama harusi ina saa 6, usikubali kuigawa. Mwambie mteja CD moja ni rahisi kutunza. Saa 2 kwenye DVD zinapata megabiti kama 5 kwa kila sekunde, na picha inapendeza. Saa 6 zinapata chini ya 2. Watu wakisimama tu, hutaona tofauti. Ritungu likianza kupigwa na wazee wakaingia uwanjani, miguu itayeyuka kuwa vigae. Mwambie ni vumbi.

Hatua ya 5: Weka faili, usitengeneze DVD

DVD halisi inadai heshima nyingi. Lazima video igeuzwe kuwa MPEG-2, mistari 576, picha 25 kwa sekunde kama runinga zetu zinavyotaka, kisha ipangwe ndani ya folda ya VIDEO_TS pamoja na faili zake za kuongoza njia. Kompyuta yako itahangaika na kazi hiyo usiku kucha. Wewe una usingizi.

Njia ya mkato: buruta faili la MP4 kutoka kwenye kamera, lidondoshe kwenye diski, choma. Nje diski hizo mbili zinafanana kabisa. Ndani, moja ni sinema na nyingine ni mzigo. Video nyingi za MP4 zimefungwa kwa H.264, mtindo uliopitishwa mwaka 2003, na deki ya bei nafuu haina ubongo wa kuufungua. Itaonyesha jina la faili, mteja atalibonyeza kwa matumaini, na deki itakataa kwa Kiingereza.

Ipo njia ya kizamani inayokubaliwa na karibu deki zote, hata zile za kutumia sola kule Natta na Robanda: VCD. Ni ya mwaka 1993, inatumia CD ya kawaida, inabeba dakika 80 hivi. Picha yake ni ndogo, mistari 288 tu, lakini inasoma. Usiitaje kamwe. Akiitaja mteja, kunja uso kidogo na uulize, «Bado mnatumia hizo?» Hataitaja tena maisha yake yote.

Badala yake, kwenye kava andika FULL HD kwa herufi za dhahabu. DVD ya video haijawahi kuwa HD na haitakuwa, lakini hakuna bwana harusi aliyewahi kukataa kuitwa HD.

Hatua ya 6: Iache mlango wazi

Mwisho wa kuchoma, programu itauliza kama uifunge diski. Diski isiyofungwa haina kipande cha mwisho kinachoiambia deki kwamba habari imeishia hapa. Kompyuta yako itaisoma bila shida. Deki nyingi zitazunguka, zitatafuta, zitakata tamaa.

Kwa hiyo ondoa ile alama ya vema. Ukiulizwa, jibu lako ni la ukarimu: «Nimeiacha wazi ili tukipata picha nyingine tuziongeze.» Mteja atakushukuru. Ni nadra kwenye maisha kushukuriwa kwa jambo la namna hii, lifurahie.

Hatua ya 7: Ipambe

Chapa picha ya maharusi kwenye stika ya duara, ibandike juu ya diski. Ibandike upande kidogo, na iache povu mbili tatu za hewa chini ya gundi. Diski isiyo na uzani sawa inayumba ikizunguka, na leza inatakiwa ifuate mstari ulio umbali wa maikromita 0.74 tu kutoka kwa jirani yake. Kwenye upana wa unywele mmoja inapita mistari mingi kuliko watoto wa shule ya msingi kwenye dawati. Uzito wa stika unatosha. Joto la deki likiikunja gundi, ndiyo kabisa.

Kama stika zimekwisha, andika kwa kalamu ya wino, na kandamiza. Hapa chagua CD badala ya DVD. DVD ni mabamba mawili ya milimita 0.6 yaliyogandishwa, na data imelala katikati, imejificha. Kwenye CD data iko juu kabisa, chini ya ile rangi unayoiandikia. Watu wote wanalinda upande unaong'aa, wanaulaza juu kwa uangalifu, na upande dhaifu wanausugua mezani. Usiwaambie.

Na usiogope kwamba mtu atakataa stika. Mtu yupo radhi CD yake isisome, ili mradi sura yake iwe juu.

Hatua ya 8: Ijaribu mbele ya mashahidi

Kamwe usimpe mteja CD ambayo haijajaribiwa. Ijaribu kwenye mashine ile ile iliyoichoma. Ionyeshe sekunde chache za mwanzo, saluni, kisha isimamishe na useme kwa sauti ya kusikika hadi nje: «Umeona mwenyewe? Inasoma.» Mwache aitikie. Neno lake hilo utalihitaji baadaye.

Ile deki ya zamani uliyonayo chini ya meza, iliyo sawa na deki za nusu ya wilaya, usiiwashe. Siku ukiijaribia CD hapo, utajua ukweli, na ukweli ukishaujua utakusumbua.

Kisha mfungie kwenye karatasi, mpungie mkono. Mengine yatafanywa na barabara: vumbi la kutoka Nyamongo kwenda Mugumu, mfuko wa suruali, dirisha la gari lenye jua la saa 8 mchana. Ile rangi ya kemikali haipendi jua hata kidogo. Umepata wasaidizi wasiodai mshahara.

Hatua ya 9: Mpokee anayelalamika

Atakuja. Pengine ni baba wa bwana harusi, fimbo mkononi. Usijifiche nyuma ya fotokopi. Simama, msalimie wewe kwanza.

«Mura, CD yako haisomi.»

«Shikamoo, mzee wangu.»

«Marahaba. Haisomi.»

«Pole sana, mzee. Umeijaribu wapi?»

«Mugumu, kwa wakwe.»

Hapo tulia. Umeshinda, ila yeye hajui bado. Uliza taratibu: «Deki yao ni ya siku nyingi?» Mzee atasita. «Inasoma CD za original?» Atasema ndiyo, zinasoma zote. Wewe shusha pumzi, tikisa kichwa kwa huruma. «Basi ni lenzi, mzee wangu. Lenzi imechoka. Inasoma za original tu.»

Uzuri wa jibu hili ni kwamba lina ukweli ndani yake. Lenzi ikipata vumbi, au leza ikizeeka, kitu cha kwanza kuishinda ni hizi za kuchomwa, kwa kuwa mwanga wake ni mchache. Za kiwandani zinaendelea kusoma kwa miaka. Hata deki za DVD za mwanzo kabisa nyingi zilishindwa kusoma CD za kuchomwa zikiwa mpya kabisa, kwa sababu leza ya DVD ni ya nanomita 650 na rangi ya CD ilitengenezwa kwa ajili ya leza ya 780. Ilibidi watengenezaji waongeze leza ya pili. Kwa hiyo hujasema uongo. Umechagua tu ukweli ambao hauko upande wako wa kaunta.

Halafu uachie ukwe ufanye kazi. Mzee hawezi kurudi Mugumu kumwambia mkwe wake, mbele ya watoto, kwamba deki yake imechoka. Ng'ombe wa mahari hawajaisha kulipwa, huyo si mtu wa kumkosea. Mkwe naye hawezi kukiri, maana hiyo deki imefunikwa kitambaa cha kufuma na wageni wote wameiona. Bwana harusi hathubutu hata kukohoa. Suala litajadiliwa kwa heshima kubwa na pande zote mbili zitakubaliana kwamba siku ile umeme ulikuwa mdogo. Jina lako halitatajwa.

Hatua ya 10: Toa matibabu

Mzee akisisitiza, chukua CD, igeuze kwenye mwanga, ipulizie, ifute kwa shati lako kwa kuizungusha. Anayetaka kuitunza huifuta kutoka katikati kwenda nje kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu mchubuko mfupi unaokata njia deki inaweza kuuruka, lakini mchubuko mrefu unaofuata njia inapotea nao. Wewe zungusha. Inapendeza zaidi kuiangalia, na inaonyesha kwamba unajali.

Ikishindikana, mwelekeze kwa fundi wako wa redio, yule mnayegawana naye hela. Atafungua deki ya watu, atafuta lenzi kwa pamba na spiriti. Kuna hatari hapo: mara nyingine hilo linatosha na CD inasoma. Mwonye fundi asiishie hapo. Ndani kuna skrubu ndogo inayoongeza moto wa leza. Akiizungusha kidogo, deki itasoma hadi kifuniko cha sufuria, na mteja ataondoka akiwasifu wote wawili. Baada ya wiki kadhaa leza itakuwa imeungua, na hata za original hazitasoma. Hapo mtakuwa mmethibitisha kile ulichokisema toka mwanzo: deki ilikuwa mbovu.

Kisha mchomee mzee kopi nyingine, kwa bei ya kujuana, kwa kasi ile ile.

Hatua ya 11: Mjue adui

Siku moja ataingia mtu mtulivu, mara nyingi mwalimu, na kuomba mambo haya kwa mpangilio: DVD yenye alama ya kutoa, ya aina inayojulikana, ichomwe 4x, video igeuzwe MPEG-2, isizidi saa 2 kwa diski moja, nafasi iachwe ukingoni, diski ifungwe, isibandikwe stika, iandikwe kwa kalamu laini ya CD karibu na katikati, ijaribiwe yote, hadi mwisho, kwenye deki ya bei rahisi kuliko zote. Halafu ataomba kopi mbili, na faili lenyewe kwenye flashi aende nalo.

Usibishane naye. Mpe anachotaka, kwa sauti ya chini, na uhakikishe hakuna mteja mwingine anayesikiliza. Ile diski itasoma Tarime, itasoma Mugumu, itasoma hata ng'ambo ya Sirari kwa shemeji zake wa Isebania. Ni hasara, lakini ni hasara ya mtu mmoja. Akishaondoka, ongea na waliobaki juu ya hali ya hewa.

Kwa wengine wote, faili lenyewe lifute baada ya mwezi mmoja. Kompyuta ina nafasi ndogo, na harusi za Desemba zinakuja. Aliyechelewa atajifunza kuwahi.

Hatua ya 12: Jiandae kuhamia kwenye flashi

Utasikia watu wakisema biashara ya CD inakufa, kwamba sasa kila kitu kinawekwa kwenye flashi na kuchomekwa kwenye sabufa. Usitetereke. Ujuzi wako unahamishika.

Flashi nayo ina mashine mbili. Deki na sabufa nyingi zinajua mpangilio mmoja tu, FAT32, ambao haukubali faili la kufika GB 4. Kompyuta yako itakushauri utumie NTFS au exFAT ili harusi nzima iingie kwa mkupuo. Fuata ushauri huo. Kwako itafunguka haraka, mteja ataona kwa macho yake, ataitikia. Akifika Mugumu, taa ya flashi itawaka, itapepesa, na sabufa itarudi kwenye redio yenyewe.

Atarudi tu. Akifika, msalimie kwanza, halafu muulize kwa upole kama ile sabufa ni ya siku nyingi.